Nani Abaki Bujumbura?

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani hii yetu ya juzijuzi, palikuwa na mwalimu wa Kifaransa katika vilima vya Buhigwe, kule ukungu unakolala juu ya mibuni mpaka jua lichomoze sawasawa. Jina lake Leokadia. Kwao ni Songea, lakini kazi ilimleta Kigoma, na wanafunzi walimwita Madamu Leo. Alikipenda Kifaransa, akakifundisha kwa moyo. Tatizo ni kwamba sentensi zake zilizaliwa ubaoni, zikafia ubaoni.

Siku moja msichana aitwaye Zabibu akanyoosha mkono.

"Madamu, hiki Kifaransa ni cha nani?"

"Cha watu wengi, mwanangu. Hata hapo Burundi tu, ukishavuka mpaka."

"Mimi sijawahi kumwona mtu akikiongea na mwenzake. Nakuona wewe tu, Madamu, ukiongea na ubao."

Darasa likaangua kicheko. Madamu Leo naye akacheka, lakini swali lile likaenda naye nyumbani. Akala nalo, akalala nalo. Asubuhi akamwita Zabibu.

"Unaonaje tukienda tukakisikie kwa wenyewe?"

Zabibu hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikuwa na shangazi yake aliyeolewa Bujumbura. Akamsumbua kwa simu mpaka shangazi akampatia namba ya Madamu Esperansi, mkuu wa shule moja ya huko. Zabibu akapiga mwenyewe, jasho likimtiririka. Akasema Kifaransa chote alichokuwa nacho. Kilipokwisha, akakianza upya. Yule mama akacheka huko upande wa pili, akasema, "Njooni. Mtakaa kwetu wiki nzima."

Safari ikapata mlango. Bila Zabibu, safari isingekuwapo.

Lakini mlango si njia. Mkuu wa shule yao, Mwalimu Gwasa, alipoambiwa, alikunja uso.

"Watoto hawa hisabati imewashinda hapahapa, leo mnataka wavuke mpaka wakaseme bonjuu? Hisabati ipande kwanza. Isipopanda, msinitajie safari."

Wanafunzi wakashika tama. Ndipo akasimama kijana aitwaye Ezrom, ambaye hesabu kwake zilikuwa kama kumenya ndizi. "Niachieni mimi," akasema. Tangu siku ile, wenzake walipokuwa kwenye klabu ya Kifaransa ya shule wakiimba vitenzi, Ezrom alikuwa chumba cha pili, chaki mkononi, na kundi la walioshindwa. Kundi moja likielewa, linakwenda kuimba, linakuja jingine. Yeye hakwenda kuimba. Mitihani ilipokuja, hisabati ikapanda, Mwalimu Gwasa akakubali bila kutaka kukubali.

Bado wazazi. Ezrom akafuatana na Madamu Leo nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni baba wa msichana mmoja wa darasa lile, aitwaye Butoyi.

"Binti yangu akalale ng'ambo, kwa watu nisiowajua? Hapana."

Ezrom akarudi. Hapana. Akarudi tena. Mzee akamsogezea kigoda, akamtazama.

"Kijana, utakuja hapa mpaka lini?"

"Mpaka ukubali, baba."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, mchukueni."

Safari ikapata njia. Bila Ezrom, safari isingekuwapo.

Wakaondoka kwa basi dogo alfajiri. Walipogongewa mihuri mpakani, Madamu Leo aliwasimamisha mstari.

"Tusivuke miguu, midomo ikabaki Buhigwe. Tangu hapa ni Kifaransa tu. Si Kiswahili, si Kiha chenu cha nyumbani. Atakayekiacha Kifaransa, jambo lolote jema tutakalopewa huko halitakuwa lake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Madamu!" Wakaapa wote, na wa kwanza kuapa alikuwa Butoyi. Butoyi alikuwa mtu wa maneno machache, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza.

Mbele kidogo wakasimama kwenye gulio la vilimani wanunue ndizi mbivu. Zabibu akajongea kwa mama mmoja muuza asali, akamuuliza kwa Kifaransa asali hiyo ni ya maua gani. Hakupata jibu. Nyuki mmoja alimtua shingoni, akamchoma.

Kwa mwingine ingekuwa maumivu tu. Kwa Zabibu, ambaye mwili wake haukuivumilia sumu ya nyuki, ilikuwa kifo. Midomo ikamvimba, macho yakazibika, pumzi ikaanza kupiga mluzi kooni. Madamu Leo akapiga kelele kuomba daktari, kwa Kifaransa kizuri, kisicho na kosa. Wale akina mama walikuwa wakulima, Kifaransa hawakukisoma. Wakamtazama kwa huruma. Akakirudia kilekile kwa sauti kubwa zaidi, kwa maana hofu ilikuwa imekifukuza hata Kiswahili chake. Ezrom amemkumbatia Zabibu, anarudia maneno ya Madamu. Gulio zima linatazama, hakuna anayejua la kufanya.

Butoyi akapanda juu ya gunia la maharage, akapaza sauti kwa Kiha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Alisema kwamba huyu ni mtoto wa watu, amechomwa na nyuki, anakufa, zahanati iko wapi?

Gulio likaamka. Mwanamume mmoja akawasha pikipiki, mama mmoja akavua kitenge akamfunga Zabibu mgongoni kwa Butoyi, wakashuka kilima kama jiwe. Huko muuguzi akamdunga sindano. Mluzi ukanyamaza, pumzi ikarudi. Jioni Zabibu akaketi kitandani, akauliza kwa Kifaransa kama chakula kipo.

Bila Butoyi, safari ingerudi na jeneza.

Basi wakafika Bujumbura, na wiki ile masikio yao hayakushiba. Wakasikia Kifaransa kikiuza mkate. Wakakisikia kikigombana njiani, kikibembeleza mtoto, kikimtukana mlinda mlango aliyefungwa goli la kizembe. Madamu Leo akawa anawatazama wanafunzi wake, akijiuliza kimya kimya, hivi lugha humwingiaje mtu?

Siku ya mwisho Madamu Esperansi akasema, "Leokadia, nyumbani kwangu kuna kitanda kimoja. Mwanafunzi wako mmoja abaki nami likizo yote, asome, aongee, arudi kwenu akiwa mwalimu wa wenzake. Chagua wewe. Asubuhi nitajie jina."

Wanafunzi wengine wote wakawatazama Zabibu, Ezrom na Butoyi. Madamu Leo akawaita watatu wale.

Zabibu akasema, "Madamu, pumzi ninayovuta ni ya Butoyi, sitakana mpaka nizikwe. Lakini swali lilikuwa langu, na simu niliipiga mimi. Nikirudi sasa, nimeonja mchuzi, nyama sikuila."

Ezrom akasema, "Mimi wiki hii nimekuwa bubu. Wenzangu wananicheka, na nacheka nao. Lakini Kifaransa changu kilibaki chumba cha pili, nilipokuwa nawafundisha hesabu ili wao wavuke. Hata Butoyi, ni mimi niliyemwomba baba yake."

Madamu Leo akamgeukia Butoyi, "Sema, mama."

"Nilivunja kiapo, Madamu, sikatai. Ingetokea tena, ningekivunja tena. Lakini pale juu ya gunia nilifungua mdomo watu wakanielewa, wakakimbia. Maisha yangu yote sijaonja utamu kama ule. Nataka niuonje na kwa Kifaransa."

Usiku ule Madamu Leo akawapima mmoja mmoja. Akimpa Zabibu, je, aliyemwokoa? Akimpa Ezrom, je, aliyeianzisha safari? Akimpa Butoyi, wanafunzi watauliza kiapo cha mwalimu kina thamani gani; akimnyima, atakuwa amemwadhibu mtoto kwa kuokoa roho.

Asubuhi basi linanguruma. Mizigo yote imepakiwa, imebaki mifuko mitatu chini. Madamu Esperansi yuko getini, mkono umeshika komeo. Watoto watatu wanamtazama mwalimu wao, na mwalimu anafungua kinywa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiangalie chini. Kuna aliyeuliza, kuna aliyejinyima, kuna aliyeokoa kwa lugha iliyokatazwa. Kitanda ni kimoja. Mngekuwa ninyi ndio Madamu Leo, mngelitaja jina la nani?