Mawe Meusi ya Mwamini

"Ukihamisha samaki, hamisha na utelezi wao." Mmenisikia nikimwambia baba yenu asubuhi, mkacheka, sasa mnauliza nimeutoa wapi msemo huo. Haya, kaeni. Wewe Shukuru, weka chini hicho kigoda changu, usikitupe kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya Bwana Ntahondi, hapa hapa Kigoma, wakati bado nina meno ya kuonyesha watu. Pale mapokezi palikuwa na tangi kubwa la kioo, na ndani yake samaki arobaini wa ziwani, wa manjano kama ndizi mbivu. Bwana Ntahondi alianza kuwafuga na marehemu mkewe, na kila asubuhi aliwasalimu kabla ya kutusalimu sisi. Aliyewatunza ni Mwamini, mwanamke mfupi, wa maneno machache. Aliwajua wote arobaini, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na mume mmoja tu, na sikumaliza kumjua.

Chini ya tangi hilo, ndani ya kabati, palikuwa na tangi la pili. Maji yalishuka humo na uchafu wake, yakapita kwenye sponji na mawe, kisha pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Sasa hilo la chini lilikuwa limechakaa, linavuja, na mawe yake yana utelezi mweusi kama mlenda uliolala. Bwana akaagiza jipya, la kioo, lenye vyumba vitatu. Lilivyong'aa, nilijitazama humo nikafunga kilemba upya.

"Mwamini," akasema, "mawe mapya, sponji mpya. Uchafu huu wote jalalani."

"Mzee, huo si uchafu. Ndio unaokula sumu ya mikojo ya samaki."

"Uchafu unakula uchafu!" Bwana akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, tena kwa sauti kumshinda yeye.

Mwamini akafunga tangi jipya kama alivyoagizwa. Kisha akayatia mawe ya zamani kwenye ndoo pamoja na maji yao, akaweka kimashine cha mapovu, akaificha ndoo chini ya meza yangu ya jikoni. Kila siku aliidondoshea punje za chakula cha samaki, ili ule utelezi usife njaa. Mgeni mmoja alichungulia akauliza kama ni supu. Nikamwambia bado haijaiva.

Siku ya nne maji yalikuwa maangavu, unasoma gazeti ng'ambo ya pili. Lakini samaki wote walikuwa juu, wanahema midomo wazi. Kufika adhuhuri wawili wamekufa. Bwana Ntahondi, mtu mzima na suti yake, akakaa sakafuni.

"Mwamini, wanakwisha. Nimewakosea nini?"

"Umewahamisha bila utelezi wao, mzee."

"Na nimeshautupa!"

"Uliagiza utupwe," akasema Mwamini. "Dada, nipe supu yako."

Nikaitoa ndoo mbio. Mwamini akapunguza maji nusu, akajaza mengine, na Bwana mwenyewe akakunja mikono ya suti, akayapanga yale mawe meusi ndani ya tangi jipya kama anayepanga mayai. Siku tatu Mwamini alibadilisha maji. Siku ya nne samaki wakashuka, wakaanza kufukuzana kama kawaida yao. Thelathini na wanane.

Na sikilizeni ninachomsifia mpaka leo: hakusema hata mara moja, "Si nilikwambia?" Mimi ningekuwa bado nasema.

Basi nyumba mpya ya baba yenu tunayohamia ina vigae, inang'aa, hongera yake. Lakini ukoo huu wote umemenya viazi juu ya kigoda hiki, ukagombana hapa, ukapatana hapa. Kipakieni kwanza, na mimi juu yake. Ukihamisha samaki, hamisha na utelezi wao.