Mke Mwenza wa Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye mtoto mgongoni amshushe mapajani, naye asikie habari za Bibi Nyanzala, ambaye mpaka leo hajasahaulika.

Hapo zamani za kale, wakati babu wa babu zenu bado wananyonya, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho bangi iliota nyuma ya nyumba kama mchicha. Hapo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Kalunde, pamoja na mumewe Lugembe na mtoto wao mchanga. Kalunde alikuwa mke pekee. Lakini wivu! Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lugembe akirudi shambani, hamtazami mke. Hamtazami mtoto. Anapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Anaipapasa ile bangi, anachomoa jani lililonyauka kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake kibanzi jichoni. Kisha anakaa na kiko chake. Puu! Puu! Moshi unapanda, macho yanalegea, ugali unapoa.

Kalunde alivitazama vile vidole. "Mimi hajanishika hivyo tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema moyoni.

Na akitwanga, alitwanga kwa wimbo:

Tii! Tii! Tii!
Mwenzangu hatwangi, hapiki,
lakini bwana kwake habanduki!
Tii! Tii! Tii!

Jirani yake Mhoja akachungulia uani. "We Kalunde! Umeletewa mke mwenza lini, mbona hatukuitwa kunywa pombe ya harusi?"

"Yuko nyuma ya nyumba, ana majani kichwani. Nenda kamwamkie."

Wakacheka. Kisha Mhoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwenzangu, mimi siwezi kumtukana. Mama yangu ana uvimbe tumboni. Kila asubuhi Bibi Nyanzala, mganga wetu, humletea uji wenye dawa ya jani hilo. Akinywa, anapumua. Anakula hata vijiko viwili."

Badala ya kumhurumia, Kalunde alinuna. "Kumbe huyo mwanamke anapendwa hata kwenu!"

Mwaka ule vijana walivuta kuanzia jogoo anapowika. Ng'ombe wakakosa mchungaji, wakaingia mashambani. Jumbe akaita watu wote kwenye uwanja wa kupuria mtama.

"Ing'olewe yote!" walisema hawa.

"Isiguswe!" walisema wale. Mzee Shija akasimama na kiko chake. "Kifua changu, moshi wangu. Wewe unakohoa nini?"

"Kifua ni chako, lakini ng'ombe wako wamelala kwenye mtama wangu!"

"Na pombe je? Mbona hamvunji mitungi? Au kwa kuwa Jumbe naye hunywa?"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akajipangusa mdomo.

Hapo Kalunde akasimama, mtoto mgongoni. "Ninyi mnacheka. Mimi nina mke mwenza asiyezeeka, asiyeugua, asiyegombana. Nitashindana naye vipi? Ing'oeni! Ing'oeni yote, isibaki hata mizizi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Nyanzala akainua mkono. "Subirini kidogo, wanangu." Nani angemsikia? Siku hiyo hiyo wakang'oa. Ng'wa! Ng'wa! Ng'wa! Wakachoma, na hata kitalu cha Bibi wakakichoma. Kalunde ndiye aliyeshika kijinga cha moto. Jumbe akatangaza: atakayeonekana na jani atafungwa kamba.

Kalunde akapika kuku. Akajipaka mafuta. Akaketi mlangoni.

Lugembe hakuja. Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili hakuja. Alikuwa amevuka mto, kwenye vichaka ambako watu wasiojulikana walikuwa na majani yao. Zamani mke mwenza alikuwa nyuma ya nyumba. Sasa alikuwa ng'ambo ya mto.

Na nyumba ya pili kulikuwa na kilio. "Yalaa! Yalaa!" Mama yake Mhoja alilia tangu alfajiri hadi jua la utosi. Mhoja alipita mbele ya Kalunde na mtungi, hakumsalimia.

Siku ya tatu asubuhi Bibi Nyanzala akachukua fimbo yake, akasimama mbele ya nyumba ya Jumbe, akasema kwa sauti: "Jumbe, ninavuka mto kumletea mgonjwa dawa. Nikirudi, kamba zako ziwe tayari."

Kalunde alisikia. Alijua Bibi hawezi kushuka ukingo wa mto peke yake. Akamfuata kimya, akampa bega. Bibi hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Mtoto amenyonya?"

Katikati ya maji Bibi akasema, "Mjukuu wangu, wewe ulisema jani hili ni mke mwenza. Kwetu mke mwenza ana taratibu gani?"

"Huletwa kwanza mbele ya mke mkubwa."

"Enhe."

"Ana nyumba yake. Haingii jikoni kwangu."

"Enhe."

"Na ana zamu. Siku zote haziwezi kuwa zake."

"Sasa huyu wako alifuata utaratibu upi?"

Kalunde akatikisa kichwa.

"Basi wewe hukuonewa kwa sababu yupo," Bibi akasema. "Umeonewa kwa sababu hana adabu. Na mimi mzee wenu nilikaa kimya nikaacha hivyo. Nisamehe."

Huko vichakani walimkuta Lugembe, midomo imekauka, viatu hana. Bibi akachukua dawa ya mgonjwa, akamshika Lugembe mkono, wakarudi wote watatu. Jumbe alipomwona Bibi amenyoosha mikono yake myembamba afungwe, aliona aibu. Akaita watu tena.

Bibi akasema: "Jani litakuwa na nyumba moja, nayo ni yangu. Anayelitaka aje mchana, pamoja na mkewe au mama yake, aseme mbele yao anaumwa wapi. Mke mkubwa akikataa, mimi sitoi."

"Na asiyeumwa?" akauliza Mzee Shija.

"Aje aseme haumwi. Mkeo atafurahi kusikia."

Kicheko! Mzee Shija akaketi. Wakakubaliana hivyo.

Kesho yake wa kwanza kufika alikuwa Lugembe. Kalunde aliketi mkekani, mtoto mapajani, uso umekunjamana.

"Unaumwa wapi?" Bibi akauliza.

"Mgongo."

"Mgongo huo umewezaje kuvuka mto?"

Lugembe akasema, "Ni baba. Nyati alipotuvamia, mimi nilipanda mti. Nilimsikia baba akiniita hadi akafa, sikushuka. Bado ananiita. Nikivuta, ananyamaza."

Mtadhani Kalunde alimhurumia. La. Kwanza wivu ulimpanda hadi masikioni.

"Jani linajua habari hii tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na mimi nalala ubavuni mwako sijui? Umekwenda kumwambia yule, ambaye hata masikio hana?"

"Niliona haya," Lugembe akasema. "Niliogopa ungeniona mwoga."

Bibi akainua kibuyu. "Mke mkubwa ni wewe, Kalunde. Nimpe?"

Kalunde akakitazama kibuyu. Akavitazama vidole vya mumewe. Akamweka mtoto kwenye mikono ile.

"Kibuyu kipelekwe kwa mama yake Mhoja," akasema. "Huyu leo ni zamu yangu."

Wakaenda zao. Lugembe akasema, Kalunde akasikiliza. Je, hakurudi tena kwa Bibi? Alirudi, mara moja moja, na kila mara na mkewe. Mama yake Mhoja aliishi hadi mavuno, akafa akiwa ametulia, ameshikwa mkono na binti yake.

Nanyi mnaonisikia, kabla hamjang'oa na kabla hamjaruhusu, mwulizeni kwanza mtu anaumwa wapi, kisha msubiri ajibu. Hadithi yangu imekomea hapo. Niliyomezeshwa na bibi yangu, nami nimewamezesha ninyi.