Kitambaa Juu ya Waifai

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za masultani na majini, ni zamani za juzi tu, minara imeshasimama na kila mtu ana simu mkononi, palikuwa na mama mmoja Lindi mjini akiitwa Bi Asumini. Mumewe Mzee Nassoro. Watoto wao watatu: Mfaume, fundi wa kuchomelea mageti, Sharifa, mwalimu wa shule ya msingi, na Mize, kitinda mimba, aliyeolewa akachukuliwa mpaka Kanada.

Huyo Mize aliondoka na moyo wa mamake. Miaka minne mizima Bi Asumini akipika samaki anamwekea Mize kichwa, kisha anakumbuka, anakila mwenyewe huku machozi yanamlenga. Geti likilia anageuka kutazama, na anajua vizuri kabisa kwamba anayemtazamia hawezi kutokea pale.

Ndipo Mfaume akaweka waifai nyumbani, mama apate kuonana na mwanawe. Ikaja ruta, kile kisanduku cheupe chenye vitaa vinavyopepesa. Bi Asumini akakipokea kwa heshima zote. Akakiweka ndani ya kabati lake la vyombo, lile la kioo pale sebuleni ambalo hata mumewe haligusi, nyuma ya masinia ya shughuli. Halafu akakifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, alichokifuma Mize kwa mikono yake kabla ya harusi. Watoto wakamuuliza, mama, mbona umekifunika?

“Chombo kinachoniletea mwanangu hakikai uchi,” akasema.

Nyie mnaocheka hapo nyuma, kwenu hakuna redio iliyovalishwa kitambaa? Haya, tuendelee.

Ikawa nyumba moja, waifai moja, na kila chombo kina bahati yake. Televisheni ya sebuleni, iliyokaa ubavuni mwa kabati, picha safi kama maji ya mtungi. Simu mpya ya Mfaume, hata akiwa kibarazani, inakwenda. Simu ya Bi Asumini chumbani kwake, mwisho wa ukumbi, jamani! Mize anaganda mdomo wazi, sauti inakuja peke yake baadaye, kisha vyote vinapotea. Wakamwambia ahamie sebuleni. Hakutaka. Sebuleni wanaume wanaingia na kutoka, na Mize sasa alikuwa mjamzito, maneno ya mama na binti mjamzito hayasemwi mbele ya wanaume.

Mize akajifungua Jumamosi, mtoto wa kike. Bi Asumini akampigia, akaoneshwa mjukuu, akaona vijipande vya mraba, kimoja cha waridi, kimoja cheusi. Akaiweka simu kifuani akalia kwa sauti. Desturi yao mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama, siku ya saba, na siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Bi Asumini akaona atampaje jina mtoto asiyemjua hata sura? Akawaita wote akaweka nadhiri.

“Atakayenifanya nimwone Mize anacheka, uso na sauti pamoja, humu humu chumbani kwangu, huyo ndiye nitakayemwachia jina la mjukuu wangu.”

Sharifa akaanza. Siku mbili, kila akitoka shule, anazunguka nyumba na simu mkononi. Alipanga simu zote mahali pamoja, saa ileile, akapima spidi. Kisha akachukua simu moja akapima chumba kwa chumba, na kila kipimo akakiandika kwa chaki kwenye mwimo wa mlango. Mamake akawa anapita akiguna kwamba nyumba imegeuzwa ubao. Lakini chaki ilisema kweli: hata simu mpya ya Mfaume, ikifika chumbani kwa mama, inazimia. Na hata kando ya kabati, simu ya mama ilikuwa ya mwisho. Basi matatizo yalikuwa mawili, simu yenyewe na mahali ruta ilipokaa, maana mawimbi hayapiti kwenye masinia ya bati. Sharifa akawaeleza babake na kakake. Kabati lenyewe hakuthubutu kulisogelea.

Jumatano Mfaume akashika la simu. Akaulizia kwa wanaojua, akaambiwa ruta ile inatoa mtandao wa aina mbili, mmoja wa polepole unaogombaniwa na majirani wote, mwingine wa mbio. Simu ya mama ilikuwa ya zamani, wa mbio haiuoni kabisa. Mfaume akamkabidhi mama simu yake mpya, akachukua ile kuukuu. Wateja wake humtumia picha za mageti wanayotaka. Sasa picha moja inafunguka mpaka chai inapoa. Wawili wakachoka kungoja wakaenda kwa fundi mwingine, na Mfaume hakumwambia mama.

Alhamisi Bi Asumini akaenda msibani. Mzee Nassoro akabaki peke yake na kabati. Alisimama mbele yake muda mrefu, maana katika ndoa ya miaka thelathini na sita hajawahi kulifungua. Akalifungua. Akatoa masinia, akatoa ruta, imepata joto chini ya kile kitambaa. Akaitundika juu ukutani, ukumbini, jirani na mlango wa chumba. Kitambaa akakikunja vizuri akakiweka kitandani.

Bi Asumini aliporudi akakiona kitambaa kimekunjwa, akaona kwamba Mize ameondoka mara ya pili. “Umemtoa mwanangu ndani, Baba Mfaume,” akamwambia mumewe, na hakusema naye tena. Usiku mzee akalala njaa.

Ijumaa baada ya sala, simu ikaita chumbani. Bi Asumini akapokea, kitambaa kiko mapajani.

Mize akatokea. Mzima mzima. Mama akaona kidoti cha shavuni, akaona mwanawe amekonda na macho yamechoka, mambo ambayo simu mbovu ilimficha. Akaona mjukuu anapiga mwayo. Mize akacheka, na kicheko kikaja na uso wake. Bi Asumini akakikumbatia kitambaa kifuani.

“Mama, hicho si kitambaa changu?” Mize akauliza. “Kisogeze nikione.” Akakitazama, akafuta macho. “Haya, mama, leo siku ya saba. Jina?”

Mlangoni walikuwa wamesimama watatu.

“Mama, mimi ndiye niliyeujua ugonjwa,” akasema Sharifa. “Bila chaki yangu mngeilaumu Kanada mpaka leo. Nataka aitwe Asumini, Mize awe na mtu wa kumwita kwa jina lako kule.”

“Mama, simu uliyoishika ni yangu,” akasema Mfaume. “Mimi na mke wangu mwaka wa saba huu hatujapata mtoto. Jina ninalo, nimeliweka, sina wa kumpa.”

Mzee Nassoro akakohoa kwanza. “Watoto wote watatu umewapa majina wewe, Mama Mfaume, nami sikusema kitu. Jina la mama yangu halijaitwa nyumba hii tangu tumzike. Jana nimefungua kabati, nikijua utakavyonifanya.”

Bi Asumini akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama wa tatu. Akakishika kitambaa, akatulia tuli, hata kope hapepesi.

“Mama?” Mize akaita toka kule. “Mama, mbona umeganda? Mtandao tena?”

Mtandao ulikuwa mzima, jamaa zangu. Mtoto yuko mikononi mwa mamake anangoja kuitwa, na bibi yake hana neno. Basi msaidieni ninyi mliokaa mkinisikiliza: Sharifa aliyeujua ugonjwa, Mfaume aliyetoa simu yake, au Mzee Nassoro aliyelifungua kabati? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?