Mzizi wa Mzee Wen

"Mzizi hausikii kilio." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani aliyetaka mwanawe afunguliwe plasta ya mguu kabla ya siku zake, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka hapa hapa Kidundwe, na chanzo chake ni hiki.

Barabara ya mlimani ilipokuwa ikichimbwa, Wachina walipiga kambi kijijini. Pamoja nao alikuwamo mzee Wen, mganga wa mitishamba. Alikuwa na mizizi mikavu, myeusi, aliyotoka nayo kwao. Ilitibu viungo vilivyokakamaa kwa baridi, lakini isipochemshwa ikaiva ni sumu. Wen aliichemsha tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akaonja tone moja. Ulimi ukifa ganzi, chungu kilirudi motoni.

Mpishi wa kambi alikuwa Sikudhani. Mama yake, Bi Havijawa, hakuweza kusimama kwa maumivu ya magoti. Wen akamtibu wiki mbili, naye akaanza kwenda kisimani mwenyewe.

Kisha Wen akaitwa kambi ya bondeni. Alimwachia Sikudhani mizizi mitatu. "Chemsha mpaka alasiri," alimwambia. "Onja wewe kwanza."

Mvua zikaja na maumivu yakarudi. Sikudhani alibandika chungu alfajiri. Mama yake alilia tangu hapo.

"Mwanangu, nipe hivyo hivyo."

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

"Unangoja nife?"

Sikudhani aliyatazama maji. Yalikwisha kuwa meusi kama kahawa. Akaepua, akamimina, wala hakuonja.

Bi Havijawa alikunywa, akamwombea mwanawe baraka. Punde akasema midomo inamchonyota, halafu kwamba imekufa ganzi. Moyo ukamwenda mbio, ukawa unasitasita. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Wen alirudi siku ya tatu, akawakuta watu matangani. Aliketi mkekani karibu na Sikudhani.

"Ulichemsha muda gani?"

"Mpaka nikashindwa kumsikiliza akilia."



"Ni mama yako," alisema Wen kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe unasikia. Hata mimi ningesikia. Mzizi hausikii kilio."

Sikudhani hakurudi tena jikoni kambini. Aliishi miaka mingi, na kila alipomwona mtu akikatisha jambo njiani kwa sababu ya huruma, alimshika mkono na kumwambia taratibu: mzizi hausikii kilio.