Kwa Nini Kila Mkamuaji Ana Wimbo Wake

Zamani huko kwetu Ugogo, ng'ombe hawakuimbiwa. Ng'ombe aliteremsha maziwa kwa jambo moja tu: mdomo wa ndama ukigusa kiwele chake. Hakufundishwa na mtu. Alizaliwa hivyo, kama wewe unavyofumba jicho vumbi likikurukia. Ndama akifa, maziwa yalibanwa humo ndani, na mwenye ng'ombe akabaki na kibuyu kikavu.

Enzi hizo mtu mmoja, Malogo, alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Mlahagwa, alikuwa na ng'ombe mweusi. Mdogo, Sechelela, alikuwa na ng'ombe mwekundu, na hakuweza kufanya kazi bila kuimba. Kila asubuhi aliimba wimbo uleule, ndipo akamfungulia ndama anyonye, kisha akakamua.

Mwaka wa ukame ndama wote wawili walikufa. Mlahagwa alivuta chuchu za ng'ombe wake mpaka vidole vikamuuma, asipate kitu. Sechelela naye aliingia zizini kwa mazoea tu, akaimba huku akilia. Ng'ombe mwekundu akageuza masikio, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe, ndama hayupo.

Kutoka siku hiyo Malogo akawa anakula kwa mke mdogo. Sechelela aliwaita watoto wa Mlahagwa wanywe maziwa, nao wakarudi kwa mama yao wakilamba midomo na kumsifu. Hilo ndilo lililomchoma Mlahagwa zaidi. Angesamehe kunyimwa, kupewa hakuweza kusamehe. Alisimama nyuma ya boma akiusikiliza wimbo ule, mpaka akaushika neno kwa neno.

Basi Sechelela alipokuwa akienda kisimani, Mlahagwa aliingia zizini na fimbo. Aliimba wimbo wa mwenzake, kisha akampiga ng'ombe mwekundu. Akaimba tena, akapiga tena. Alifanya hivyo siku nyingi. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amefungwa papo hapo, akisikia yote.

Ikafika asubuhi Sechelela alipoanza kuimba, ng'ombe akarusha teke, kibuyu kikapasuka.

"Dada, umemfanya nini ng'ombe wangu?"

"Nimemwimbia tu. Kwani wimbo ni wako peke yako?"

Sechelela aliona alama za fimbo. Akatunga wimbo mwingine. Kila alipouimba alimlambisha ng'ombe chumvi, akampapasa shingo, akasubiri. Polepole maziwa yakarudi.

Mvua iliponyesha, ng'ombe mweusi akazaa. Mlahagwa alikwenda kukamua kwa furaha, akamwita ng'ombe wake. Ng'ombe aliposikia sauti ile alikunja mgongo, akatetemeka, akabana maziwa hata ndama mwenyewe akakosa. Mlahagwa alijaribu kubembeleza, lakini kadiri alivyosema ndivyo mnyama alivyozidi kutetemeka.

Akamwendea mwenzake. "Nifundishe wimbo wako mpya."

"Huo ni wangu, dada. Tunga wako. Na ukiuimba, usishike fimbo."

Mlahagwa alikaa msimu mzima akimlisha ng'ombe wake chumvi, akimwimbia kwa kunong'ona, mpaka alipokubaliwa.

Na tangu siku hiyo, kwetu kila mwanamke ana wimbo wake wa kukamulia, na ng'ombe akiusikia huteremsha maziwa kabla mkono haujamfikia. Mgeni akiimba, ng'ombe huyabana. Na mkamuaji akiona kivuli cha mke mwenzake langoni mwa zizi, hunyamaza mpaka kipite.