Ukuta Hauliwi

“Ukuta hauliwi.” Mnacheka, eti shangazi yenu amemvunjia heshima yule kijana anayemposa dada yenu Shali, kwa kumjibu hivyo alipojisifia nyumba yake ya vigae. Hebu acheni kucheka, msogee hapa kwa bibi yenu. Methali hii haikuokotwa njiani. Ilianza hivi.

Hapa kwetu, milima ya Taita, aliishi mzee Mwadime na mkewe Mghoi, jirani yangu. Mwadime alikuwa mtu mwema, lakini wosia wake, Mungu amrehemu, aliuandika akiwa ameshiba. Nyumba ya mawe alimwachia mkewe akae humo maisha yake yote. Mashamba yote, ya mlimani na la bondeni lenye mboga, mihogo na migomba, akawaachia wanawe wawili, Kilelu na Mwambingu. Tumbo la mkewe hakulitaja. Alidhani watoto watamlisha mama yao, na nani asingedhani hivyo?

Basi Kilelu akajua mama analishwa na Mwambingu, naye Mwambingu akajua analishwa na Kilelu. Siku moja Mghoi akashuka kuchuma mboga katika shamba alilolilima tangu alipoolewa, akafukuzwa na kibarua wa mwanawe. Alikuja kwangu na kikapu kitupu, akalia. Nami nililia, siwafichi. Kilichobaki kilikuwa kurudi kwa kaka yake uzeeni, akaombe pa kulala na cha kula, au kwenda mahakamani, kwani sheria inamruhusu mjane aombe fungu la kumtosha katika mali ya mumewe, hata kama wosia umemsahau. Akaenda mahakamani.

Watu walisema mpaka wakachoka. Mama kumshtaki mwana wa tumbo lake! Mghoi akawajibu, “Simshtaki mtu. Naomba chakula katika jasho langu na la mume wangu.”

Hakimu, mwanamke asiye na haraka, akasema atakuja kujionea anavyoishi. Hapo ndipo ndugu wale wawili, kila mmoja akiamini mwenzake anamlisha mama na madai ni ya bure, walipopatana kuipamba nyumba. Walipaka kuta rangi mpya, wakang'arisha sakafu kwa nta nyekundu, wakaleta makochi yenye vitambaa vya kufuma. Hata mimi niliogopa kukanyaga.

Hakimu akaingia, akaisifu nyumba. Kilelu akavimba kichwa. “Mheshimiwa, mama ameachiwa yote haya. Anakosa nini hapa?”

Hakimu akatoka kwa mlango wa nyuma akaenda jikoni, nasi tukamfuata. Huko hakuna aliyekuwa amekumbuka kupamba. Mafiga yalikuwa baridi, na buibui alikuwa ametanda utando kati yake.

“Kilelu, mama alikula nini jana?”

“Hilo Mwambingu ndiye anayejua.”

“Mimi?” Mwambingu akashangaa. “Si ni wewe unayempelekea chakula?”

Wakatazamana. Ndipo kila mmoja, wajukuu zangu, alipotambua kwamba mwenzake naye hajapeleka hata punje.

Hakimu akamgeukia Mghoi. “Na wewe mama, unasemaje?”

Mghoi aliona haya kuwaumbua wanawe mbele ya watu. Akafuta mikono kwa leso yake, akasema taratibu, “Kuta ni nzuri, mheshimiwa, na wanangu wamejitahidi. Lakini ukuta hauliwi.”

Hukumu ilipotoka, shamba la bondeni lilitengwa liwe la Mghoi, alime na kuvuna maisha yake yote, asibughudhiwe na mtu. Nilidhani Kilelu atanuna. Wapi! Alishusha pumzi, akaniambia, “Afadhali, mama. Nilikuwa nikila kwangu huku mama yangu analala njaa, na sikujua.”

Mghoi akashuka bondeni na jembe lake. Akachimba mihogo, akakata ndizi, akavipika na kuviponda pamoja kuwa kimanga, chungu kizima, akatuita sote, na hao wanawe pia. Kilelu alimaliza sahani yake akaona aibu kuomba nyingine. Mama yake akamwongeza bila kuombwa.

Kwa hiyo Shali asikasirike. Nyumba ni kitu kizuri, nani anapenda kunyeshewa? Lakini anayekupa pa kulala akakunyima pa kuvuna, bado hajakutunza. Ukuta hauliwi.