Jamvi la Mama Tunu

Hapo zamani za kale, watoto, zamani ambayo ukiichungulia vizuri utaikuta imevaa nguo za leo, wanyama walijenga nyumba, walipika, waliozana, na kila asubuhi walisikiliza habari kama baba zenu wanavyosikiliza.

Mtangazaji alikuwa Kunguru. Alipanda juu ya mgunga mkavu, akajikung'uta mbawa, akakohoa kikubwa, halafu: "Kaa! Kaa! Ifuatayo ni taarifa ya habari!" Hapo wote hunyamaza, hata mwenye tonge mdomoni.

Chini ya mgunga huo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo, hazidi ngumi yako, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu isiyojua kutulia. Jirani walimwita Mama Tunu, kwa ajili ya binti yake wa pekee. Na Tunu mwenyewe alikuwa mtoto wa maswali. Ukimjibu moja, analo la pili.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Mito ikawa mchanga, visima vikawa mashimo. Likabaki bwawa moja tu, na hapo bwawani ndipo vita vilipozuka. Vilizuka hivi, na msicheke.

Siku moja Ndovu, mkubwa wa mlimani, na Kiboko, mkubwa wa bondeni, walikutana ukingoni. Ndovu akasimama, akangoja kuamkiwa. Kiboko naye akasimama, akangoja kuamkiwa.

"Mbona huniamkii?" akauliza Ndovu.

"Nikuamkie mimi? Mimi nilizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa!"

"Ala! Mafuriko hayo niliyaona nikiwa na pembe tayari. Sema shikamoo!"

"Sema wewe!"

"Basi hanywi mtu hapa!"

"Na asinywe!"

Basi. Shikamoo moja tu, watoto. Ingesemwa, ingejibiwa marahaba, watu wangeteka maji wakaenda zao. Lakini Ndovu akawapanga nyati wake ukingoni, Kiboko akawapanga mamba wake majini, na asiye na jeshi akabaki na ndoo yake mkononi.

Wakubwa wenyewe hawakuona kiu, msiwaonee huruma. Ndovu alikuwa na shamba la matikiti nyuma ya mlima. Kiboko alikuwa na kidimbwi chake cha siri ndani ya matete. Waliofungiwa maji walikuwa wale wasiojua hata ugomvi ulianzia wapi.

Asubuhi ya tano Kunguru akapanda mti.

"Kaa! Kaa! Mheshimiwa Ndovu ameeleza wasiwasi wake mkubwa. Mheshimiwa Kiboko amelaani vikali. Wajumbe wa pande mbili wamemaliza mazungumzo, na wamekubaliana kwa kauli moja kwamba watakutana tena. Wadogo kadhaa wameathirika. Na sasa michezo: Duma amemshinda Kobe."

Tunu alikuwa amelala mlangoni, midomo imempasuka. Akainua kichwa.

"Mama, hao wadogo kadhaa ni kina nani?"

"Ni sisi, mwanangu."

"Kumbe tumetajwa!" Akatabasamu. Kisha akafikiri. "Mbona hakusema Tunu?"

"Siku moja atasema," Mama Tunu akamjibu, na moyo ukamwuma, maana hakujua kama anasema kweli. "Wewe lala hapa kivulini. Nakwenda kuomba maji."

Akatoka mbio, tifu tifu tifu, mpaka kwa Ndovu. Akamkuta anatafuna tikiti, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba! Karibu, ndugu yangu! Maana sisi ni ndugu, tazama pua zetu!"

"Mheshimiwa, mtoto wangu anakufa kwa kiu. Naomba nyati wanipishe, nichote kibuyu kimoja."

"Masikini! Suala lako linanigusa sana. Linashughulikiwa."

"Lini, mheshimiwa?"

"Kwani mimi ndiye niliyeanza? Kamwulize yule mnene."

"Basi hata kipande cha hilo tikiti..."

"Nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Nenda salama, ndugu yangu."

Akaenda kwa Kiboko, tifu tifu tifu. Kiboko alikuwa amejilaza topeni, bwata, macho nusu wazi.

"Shikamoo, mheshimiwa. Naomba maji ya mtoto."

"Mwambie yule mwenye masikio kama ungo aseme shikamoo leo. Utakunywa leo leo."

"Na asiposema?"

"Nikilegeza kwako, adui atasema nimelegea kila mahali. Hii ni siasa, mama. Huwezi kuielewa."

Akarudi nyumbani kibuyu kitupu. Njia nzima alikuwa akitafuta uongo mzuri wa kumwambia mtoto. Hakuuhitaji. Tunu alikuwa amelala pale pale alipomwacha, ameelekeza pua upande wa bwawa, na alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Mama Tunu hakulia. Alikaa chini akamweka mapajani, akampangusa vumbi puani, akampangusa tena na tena, ingawa vumbi lilikuwa limekwisha.

Jua lilipofika utosini, Kunguru akatua juu ya mgunga. "Kaa! Kaa! Habari zilizotufikia punde: mdogo mmoja..."

"Ana jina!" Mama Tunu akamkatiza.

"Mama, taarifa ni fupi. Nikitaja kila mdogo, nitapata wapi nafasi ya wakubwa?"

Mama Tunu akainuka. Akamlaza binti yake ndani, akamfunika kwa kitambaa cheupe, kisha akatoa jamvi lake kuukuu akalitandika chini ya mgunga.

Sasa tegeni masikio. Katika nyika ile palikuwa na ada moja ambayo hata wenye pembe waliiogopa. Jamvi la msiba likitandikwa, yeyote atakayelikalia na kula tonge la matanga haruhusiwi kupigana, yeye wala jeshi lake, mpaka jamvi likunjwe. Na njia ya maji huwa wazi kwa kila mtu, kwani maiti haoshwi kwa mate. Mwenye haki ya kulikunja ni mfiwa peke yake. Siku ya kulikunja mfiwa huoga, huchana nywele, hurudi ngomani. Kabla ya hapo, haruhusiwi hata kuimba.

Ada nzuri, sivyo? Ila ilikuwa na tundu moja. Wakubwa hawakuwa wakienda misiba ya wadogo. Walituma salamu za rambirambi, na salamu hazikai jamvini.

Mama Tunu akakimbia tena mlimani. Safari hii alifika anahema, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mheshimiwa! Tanzia! Kiboko hatunaye!"

Tikiti likamtoka Ndovu mdomoni, puu! "Unasema kweli? Amekufa na nini?"

"Kiu, mheshimiwa. Siku tano bila maji."

"Ahaa! Kumbe vikwazo vyangu vinafanya kazi!" Akajikumbuka, akakunja uso. "Yaani... masikini. Alikuwa adui mwema. Na bwawa sasa litakuwa la nani?"

"La aliye hai, mheshimiwa. Jamvi limetandikwa kwangu, mahali pasipo upande. Ukiwahi kufika, Kunguru atatangaza jinsi ulivyo na moyo mkubwa. Lakini ada unaijua. Unaingia umejifunika shuka, unakula tonge, unalia kwanza, ndipo unazungumza."

"Nitalia! Nitalia mpaka nchi itetemeke! Nyati, jipangeni!"

Kwa Kiboko naye akasema maneno yale yale, jina tu akalibadilisha. Kiboko akaruka kutoka topeni, chubwi, akauliza mara tatu kama ni kweli, kisha akaagiza mamba wake watafute shuka kubwa kuliko zote.

Jioni haijafika, wakaja. Ndovu akishuka kwa njia ya mlimani, Kiboko akipanda kwa njia ya bondeni, kila mmoja na askari wake wamejifunika gubigubi mpaka hawajui wanapokanyaga. Mama Tunu akamshika huyu mkono, akamketisha pembe hii. Akamshika yule, akamketisha pembe ile. Akawapa kila mmoja tonge la ugali mkavu, kiporo cha kabla ya vita, na askari wao vilevile. Wakala.

Kisha kilio kikaanza.

"Uuuwi! Kiboko ndugu yangu, umeniachia nani?" akanguruma Ndovu.

"Uuuwi! Ndovu kipenzi changu, nani atanigombeza tena?" akabweka Kiboko.

Shuka mbili kubwa zikageukiana.

"Nani amenitaja?" akauliza Ndovu ndani ya shuka.

"Nani amenitaja mimi?" akauliza Kiboko.

Shuka zikavuliwa kwa pamoja, fwaa!

"Wewe si umekufa?"

"Wewe si ndiye maiti?"

Wakatazamana, midomo wazi, machozi ya uongo bado yanadondoka. Hapo juu Kunguru nusura aanguke mtini kwa kicheko. Ndovu akageuka taratibu, akainua mguu juu ya Mama Tunu.

"Umetuchezea! Nitakusaga!"

Mama Tunu hakukimbia. Yeye, mwenye miguu isiyojua kutulia, alisimama pale pale.

"Nisage. Tonge langu limo tumboni mwako, na jamvi langu umelikalia."

Nyati wakasogea, wakaingia kati. "Mheshimiwa," akasema mkubwa wao kwa sauti ya chini, "ada ni ada. Na sisi hufiwa."

Mguu ukashuka. "Sawa. Lakini msiba hauna maiti! Msiba wa uongo haumfungi mtu. Nani amekufa hapa?"

Mama Tunu akaingia ndani. Akatoka amebeba kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe, kidogo hata kilitosha mikononi mwake. Akakiweka katikati ya jamvi, akafunua.

"Anaitwa Tunu," akasema. "Mmoja wenu alinipa undugu wa pua, mwingine akanipa siasa. Maji hakunipa mtu. Nimewadanganya jina tu. Msiba ni wa kweli, na kiu ni ya kweli. Niambieni, ningekuja kuwaambia kwamba Tunu amekufa, mngekuja?"

Wote wawili wakajivutia shuka zao.

Wazee husema, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mama Tunu, ambaye hakuwa amelia tangu mchana, akaangua kilio. Nyati wakaingia, na mamba, ambao machozi yao hayaaminiki, siku hiyo walilia ya kweli. Kunguru akashuka mtini kichwa chini.

"Mama, niseme nini kesho?"

"Sema jina lake."

Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu nyika iwe nyika, habari zilianza hivi: "Kaa! Kaa! Tunu binti Sange amefariki dunia kwa kiu, karibu na bwawa lililojaa maji." Akashuka. Siku hiyo hakukuwa na michezo.

Njia ya maji ikawa wazi. Kibuyu cha kwanza kilimwosha Tunu. Vilivyofuata vilikwenda kwa sungura, kwa kanga, kwa digidigi, kwa kila mwenye mtoto ambaye bado anameza.

Siku ya tatu Ndovu na Kiboko wakaja pamoja, wanajikohoza.

"Pole sana, Mama Tunu," wakasema. "Siku tatu zimetimia. Sasa kunja jamvi, nawe ukaoge, upumzike."

Mama Tunu akashika pembe ya jamvi. Alichoka, watoto. Alitamani kuoga. Alitamani kuimba ule wimbo aliokuwa akimwimbia Tunu, maana aliona maneno yake yameanza kumponyoka.

"Nikilikunja," akauliza, "nani atamwamkia mwenzake?"

Ndovu akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Ndovu. Wakaangalia juu, wakaangalia chini.

Mama Tunu akaachia pembe ya jamvi, akalinyoosha vizuri.

"Sijamaliza kulia," akasema.

"Utamaliza lini?" wakauliza wote wawili.

"Nyie mnajua."

Hawakusema shikamoo siku hiyo, wala iliyofuata. Kwa hiyo jamvi likabaki limetandikwa mwaka ule na mwaka wa pili, likichakaa Mama Tunu analisuka upya, na wakubwa wawili wakinywa maji wamepeana migongo. Watoto wa wengine wakakua. Walichezea ukingoni, chubwi, chubwi, na vicheko vyao vilimfikia mama mmoja mchafu wa vumbi, asiyechana nywele, asiyeimba, ameketi mlangoni akisikiliza sauti zote na kuikosa moja.

Hapa nakomea, wanangu. Mwenye maji nyumbani na anywe akikumbuka.

Mkisikia "wadogo kadhaa," ulizeni majina yao.